Goti la Taifa

Jamhuri ya Ndivyo haimo katika ramani yoyote ninayoijua. Wasomaji wanaodhani wameitambua wamekosea, nao wanaombwa waendelee kukosea, kwa usalama wao na wangu. Ni nchi tulivu. Raia wake huitwa Wandivyo, na mtu akiulizwa jambo na ofisa wa serikali hujibu kwa jina la nchi yake, mazungumzo yakaisha kwa amani.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Adelina Kasembo, mwalimu wa baleti. Baleti, kwa asiyeijua, ni uchezaji wa nchi za baridi ambao mtu husimama juu ya ncha za vidole vya miguu, akarefusha shingo, akajifanya hana uzito. Adelina hakuitafuta. Alipokuwa binti, serikali ilimchagua kwenda ng'ambo kusomea ujenzi wa mabwawa. Alipofika akakuta nafasi za mabwawa zimejaa, imebaki ya baleti. Akapiga simu nyumbani kuuliza afanyeje. Ofisa wa wizara akamwambia aichukue hiyo hiyo, nafasi ya taifa isipotee. Akaichukua. Aliporudi, serikali ikampokea kama mtaalamu wa mabwawa, Wizara ya Maji ikamwajiri na kumkabidhi ghala la mabomba. Mabomba yenyewe hayakuletwa, isipokuwa moja refu. Adelina akalifunga ukutani usawa wa kiuno, akawaita watoto wa mtaa walishike, akaanza kufundisha.

Alifundisha hivyo miaka mingi bila kusumbuliwa, kwa kuwa hakuna aliyejua. Wizara ya Maji iliamini kwamba mule ghalani kuna shughuli ya maji inaendelea. Wizara ya Utamaduni haikuwa na habari. Wazazi walijua tu kwamba watoto wao wakitoka kwa Mwalimu Adelina wanatembea wamenyooka na hawana nguvu za kugombana.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Sikudhani, binti wa fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika ua wa nyumba ya kupanga, jirani na mashine ya kusaga. Alipoletwa mara ya kwanza, bomba lilimfika kidevuni. Hakuwa msemaji. Alisimama pale alipoambiwa asimame, akatazama, kisha akafanya. Adelina alikuwa amefundisha watoto wengi, wengine wazuri kabisa, lakini huyu akiinua mkono tu wenzake walisahau mikono yao wakamtazama, nao wasijue wanatazama nini. Adelina hakumsifu mbele yao. Alimrekebisha zaidi kuliko wengine wote, na Sikudhani alielewa kuwa hiyo ndiyo sifa yenyewe. Nia ya mwalimu ilikuwa kumpeleka siku moja kule alikosoma yeye. Alikuwa hajamwambia mtu.

*

Sasa ikawa Mtukufu Mlezi wa Taifa amealikwa ng'ambo, katika nchi inayojivunia sana baleti yake. Mezani, mwenyeji wake akamweleza habari za mtindo wao wa kufundisha, jinsi unavyotofautiana na mitindo ya majirani, kisha kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za mvua, akasema, "Nanyi Wandivyo, mtindo wenu ukoje?"

Mlezi hajawahi kukiri kwamba nchi yake imekosa kitu. Akafuta midomo, akajibu, "Wa kwetu ni wa pekee sana. Njoo kwenye sikukuu yetu ya Uhuru uuone."

Katiba ya Ndivyo inasema kauli ya Mlezi haiwezi kuwa si kweli. Kwa hiyo mtindo ulikuwapo, kilichobaki ni kujua uko wapi. Ikaundwa Tume ya Kubaini Upekee wa Baleti ya Taifa, mwenyekiti wake akiwa Waziri wa Utamaduni, Mikao na Mienendo, Mheshimiwa Profesa Barnaba Tindwa. Tume ilizunguka mikoani kwa magari, ikawauliza wavuvi, wafugaji na makarani wa mahakama kama wanaufahamu mtindo wa kitaifa wa baleti, nao wote wakajibu, "Ndivyo." Tume ilikuwa inakaribia kuandika taarifa ya mafanikio wakati mkaguzi wa Wizara ya Maji, aliyekwenda kuangalia bomba, aliporudi akiwa ameduwaa na kusema ameona wasichana wamesimama juu ya vidole.

Waziri akafika ghalani na wajumbe wake. Aliketi kwenye kiti kilichokuja na gari jingine. Alianza kwa kumshukuru Mlezi, akamshukuru tena kwa namna ya pekee, akasema itifaki imezingatiwa, ndipo akamgeukia Adelina.

"Mwalimu, tumekuja kujifunza kwako. Tueleze kwa kifupi, ni nini hasa kinachoufanya mtindo wa taifa moja uwe tofauti na wa taifa jingine? Maana tumeambiwa binadamu wote wana miguu miwili."

Swali hilo Adelina alikuwa amelisubiri maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasahau kuwa anazungumza na serikali.

"Mheshimiwa, hatua ni zile zile kila mahali," alisema. "Kinachotofautiana ni kile ambacho walimu wa mahali fulani hawachoki kukirudia. Kuna nchi wanasisitiza mgongo, hata mkono wa mchezaji ukipanda unaona umeanzia kiunoni. Kuna nchi majukwaa yao yalikuwa madogo, basi wakawa na miguu midogo midogo ya haraka, kama mtu anayeshona. Kwingine wanapenda kuruka, wakajenga mapaja. Mwalimu anamwachia mwanafunzi wake, naye anamwachia wa kwake, mpaka siku moja mgeni akifika anasema, hawa wanacheza kivyao. Wenyewe hata hawajui."

"Kwa hiyo aliyeamua ni nani?"

"Hakuna aliyeamua, Mheshimiwa."

Waziri aliwatazama wajumbe wake kwa masikitiko. "Mnasikia? Nchi zilizoendelea, na jambo zito kama hili wameliacha lijiendee tu." Akamgeukia tena Adelina, kwa sauti ya kumtia moyo. "Sisi tutaamua, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi. Ni suala la vikao viwili vitatu."

*

Vikao vilikuwa vingi zaidi ya hapo. Kila kikao kilitoa mwongozo, na kila mwongozo uliletwa ghalani ukasomwa kwa sauti mbele ya watoto waliosimama wamelishika bomba.

Mwongozo wa kwanza ulisema mchezaji wa Kindivyo asiipe mgongo picha ya Mlezi, iliyotundikwa ukutani siku ile ile. Hapo mizunguko yote ikafa, maana hakuna namna ya kuzunguka bila mgongo kupita. Mwongozo wa pili ulisema mchezaji asiruke juu kuliko mabega ya mgeni rasmi akiwa ameketi. Mjumbe mmoja, aliyetoka jeshini, alipendekeza mikono ikiwa juu iwe inapiga makofi, na pendekezo lake likapita bila kupingwa.

Adelina aliyabeba yote. Alikuwa na akili ya mtu aliyezoea kufundishia katika ghala la wizara isiyo yake. Penye mzunguko akaweka mwendo wa kando, polepole, uso ukiwa palepale, na alipoona unapendeza aliona haya. Kuruka akakufanya kuteleza. Makofi akayageuza viganja vinavyokaribiana bila kugusana, akamweleza yule mjumbe kwamba hayo ni makofi ya heshima, yasiyo na kelele. Alijiambia kuwa hakuna mtoto aliyeumia, na kwamba sikukuu ikipita Tume itasahau, kama serikali ilivyosahau mabwawa.

Ndipo Mlezi mwenyewe akaja kuangalia mazoezi.

Alikuwa mzee kuliko picha zake. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Redio ya taifa ilisema liliumia katika kulitumikia taifa, haikusema katika utumishi upi. Halikunyooka kabisa, na kila alipokanyaga mguu ule alishuka kidogo upande mmoja, akapanda tena. Wasaidizi wake walitembea nyuma yake wakishuka na kupanda vile vile, wasije wakaonekana wazima kupita kiasi.

Watoto wakacheza, Sikudhani mbele. Mlezi alitazama hadi mwisho. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Wanacheza vizuri," alisema hatimaye. "Lakini hawafanani na sisi."

Akainuka. Msaidizi akataka kumshika, akamsukuma. Akatembea katikati ya sakafu, taratibu, goti limekunjika, akishuka na kupanda, mpaka akafika mbele ya Sikudhani. "Sisi tunatembea hivi, binti yangu," akamwambia kwa upole. "Unaona? Hivi."

Adelina alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wa yule mzee. Yeye aliyafahamu magoti. Aliona kwamba kila hatua ilikuwa inamkata kama kisu, na kwamba alihitaji daktari na fimbo ya kutembelea, na mtu wa kumwambia hivyo. Maneno yalimfika ulimini. Akatazama huku na huku, akaona nyuso za wajumbe, akayameza.

"Mmeona?" Waziri Tindwa alikuwa akinong'ona huku machozi yanamlengalenga. "Mmeona upekee wenyewe?"

Mwongozo uliofuata ulikuwa mfupi kuliko yote. Katika mtindo wa Kindivyo, goti la kulia halinyooki.

*

Mtu akisimama juu ya vidole, uzito wote wa mwili unashuka katika mstari mmoja, kutoka kichwani hadi ukuchani. Goti likikunjika katikati ya mstari huo, uzito hauna pa kupita, unaliangukia goti. Mtu mzima akifanya hivyo siku moja ataugua wiki nzima. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua akifanywa afanye kila siku, mguu unajifunza kukua hivyo. Adelina alimweleza Waziri jambo hili, akichora kwa chaki sakafuni. Waziri alisikiliza kwa makini, akasema mchoro ni mzuri, na kwamba kila taifa lililojenga jambo kubwa lilijitolea viungo.

Basi Adelina akabuni njia ya pembeni. Asubuhi alifunga mlango wa ghala na kuwafundisha watoto kama alivyofundishwa, miguu imenyooka. Mchana mjumbe wa Tume alipofika, Adelina alifungua mlango, watoto wakakunja goti la kulia na kuchechemea kwa madaha mpaka aondoke. Watoto waliona ni mchezo mzuri. Wadogo walikuwa wakichekana.

Sikudhani hakucheka. Siku moja alibaki nyuma wenzake walipokwenda kunywa maji.

"Mwalimu, mwili wangu unachanganyikiwa," alisema. "Asubuhi nauambia hivi, mchana nauambia vile. Sasa haunisikii tena. Nataka nichague mmoja."

"Chagua wa asubuhi, mwanangu. Huu wa mchana utapita."

Sikudhani alitazama chini. "Wa asubuhi ni wa kwao."

"Ni wa kila anayeuweza."

"Hata nikiuweza, mwalimu, watasema nimeweza kama wao. Huu mwingine hakuna mtu amewahi kuufanya. Nikiufanya vizuri, ndio utakuwa hivyo." Alisema maneno hayo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini amependa kitambaa fulani. "Wenzangu wanaufanya kwa kuchechemea. Hauko hivyo. Nimeutazama ule mwendo wa Mlezi. Kuna kitu ndani yake."

"Kuna maumivu ndani yake," Adelina alisema.

"Ndiyo. Hicho."

Adelina akaenda nyumbani kwa akina Sikudhani, kuzungumza na mama mtu. Mama Sikudhani alikuwa kwenye cherehani, akamvutia kiti, akaendelea kushona huku akisikiliza. Adelina akamweleza kila kitu, hata ile nia yake ya kumpeleka binti ng'ambo ambayo hakuwahi kumtajia mtu.

"Kule ng'ambo, mwalimu, watamchukua lini?"

"Sijui bado. Nitawaandikia."

Mama Sikudhani akakata uzi kwa meno. "Serikali imekuja jana. Wanasema mchezaji mkuu wa sikukuu anapewa nyumba Mtaa wa Wasanii. Ina maji ndani." Nyuma ya ukuta mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, hata vikombe vilitikisika mezani. "Nimeishi na hii kelele tangu nimemzaa. Sikukatai, mwalimu wangu. Unampenda mtoto, naona. Lakini kama goti litakuwa baya hapa na huko hakuna kitu mkononi, mimi nifanyeje?"

Adelina alikunywa chai aliyopewa, akashukuru, akaaga.

Tangu hapo Sikudhani alifanya mtindo mmoja tu. Asubuhi wenzake wakinyooka, yeye alikuwa kwenye kona yake, goti limekunjika, anashuka, anapanda. Adelina alimkataza. Halafu akaacha kumkataza, akawa anamrekebisha, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakuweza kuona kitu kinafanywa nusunusu mbele yake. "Bega lisifuate goti," alijisikia akisema. "Acha goti lianguke, bega libaki." Sikudhani akafanya, na ikawa kweli.

*

Sikukuu ya Uhuru ikafika. Rais mgeni, yule mwenyeji wa Mlezi kule ng'ambo, akaketi kando yake. Hotuba zilitangulia, nami sitazirudia, ingawa sheria inanitaka.

Sikudhani alitoka peke yake. Alivuka jukwaa kwa vidole vyake, uso umeelekea kule kwa wakubwa, na kila hatua ya kulia alianguka. Watu walishika pumzi, wakidhani sasa anakwenda chini. Hakwenda chini. Mahali fulani kati ya kuanguka na sakafu kulikuwa na kitu kinachomzuia, kisha kikampandisha tena, polepole, bila furaha, kama mtu anayeamka siku ya msiba kwa sababu lazima aamke. Viganja vyake vilikaribiana visigusane. Uwanja mzima wa Wandivyo, ambao kwa kawaida hupiga makofi kwa ishara, ulisahau kungoja ishara. Wanaume walikuwa wanalia na hawajui kwa nini.

Adelina alitazama kutoka kando ya pazia. Alikuwa amejiandaa kuona aibu. Hakuwa amejiandaa kuona kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona katika majukwaa ya nchi zile za baridi. Mtindo ulikuwapo sasa. Mtu angeweza kuutambua kwa mbali, gizani, bila kuambiwa. Alisimama pale ameshika pazia, akijua kwamba ameusaidia kuzaliwa, na akijua unakula nini.

Rais mgeni akamwambia Mlezi kwamba hajawahi kuona mtindo wenye huzuni ya kifalme namna ile. Mlezi akamwambia, "Nilikwambia."

Sikudhani alipotoka jukwaani, goti lilikuwa limevimba kama papai. Alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa mwalimu wake. "Mwendo ulikuwa ndio wenyewe?" aliuliza.

"Ulikuwa ndio wenyewe," Adelina alisema.

Nyumba ikatolewa. Ilikuwa na maji ndani, siku za mwanzo. Mtindo wa Kindivyo ukaingizwa katika shule zote za msingi, kipindi baada ya hesabu. Bungeni waheshimiwa walipanda ngazi mguu mmoja ukiwa umekunjwa, na vijana waliotaka kazi za serikali walijifunza kuchechemea mbele ya vioo.

*

Rais mgeni, kwa ukarimu wake, alikuwa ametazama pia mwendo wa mwenzake. Aliporudi kwao akatuma mwaliko wa matibabu. Mlezi akaenda, akakaa huko majira mazima ya mvua. Madaktari wakaliondoa lile goti bovu wakaweka jingine la chuma.

Siku ya kurudi, taifa lote lilikuwa uwanja wa ndege. Sikudhani na kikundi chake walipangwa chini ya ngazi ya ndege, tayari. Mlango ukafunguka. Mlezi akashuka ngazi miguu yote miwili imenyooka, kifua mbele, kijana kuliko alivyoondoka. Ngoma zikalia, watoto wakaanza kucheza, wakianguka na kupanda, wakianguka na kupanda.

Mlezi akasimama kwenye ngazi ya mwisho. Aliwatazama watoto. Aliwatazama mawaziri nyuma yao, wote wameinama upande wa kulia. Alitazama umati.

"Hawa," alisema polepole, "wanamwigiza nani?"

Waliokuwapo wanasimulia kwamba ilisikika sauti, kama ya kuni nyingi zinazovunjwa kwa pamoja. Yalikuwa magoti ya serikali yakinyooka. Waziri Tindwa alinyooka wa kwanza. Umati ukanyooka. Watoto wadogo, wale waliokuwa wakicheka, nao wakanyooka, wengine kwa shida. Sikudhani alijaribu. Alishika paja kwa mikono miwili akalisukuma goti kwa nyuma, uso umemjaa jasho. Halikwenda. Akabaki peke yake uwanjani, ameshuka upande mmoja, mbele ya mtu mzima aliyekuwa anamtazama kwa chuki ya mzee aliyekumbushwa goti lake la zamani.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Kuchechemea. Mwenyekiti, kwa uzoefu wake mkubwa katika suala hilo, akawa Waziri Tindwa.

Kikao kilikaa ghalani. Waziri alianza kwa kumshukuru Mlezi. Kisha akaeleza kwamba serikali haikuwahi kuagiza goti lolote likunjwe, na kwamba yeye binafsi alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Kilichotakiwa ni kujua nani aliwafundisha watoto wa taifa kumdhihaki Mlezi wao. Aliposema hayo alimtazama Adelina, naye Adelina akafahamu kwamba shimo limekwisha kuchimbwa, linapimwa urefu tu. Hakuogopa kama alivyodhani angeogopa. Alikuwa tayari kusema, Ni mimi. Kwa sehemu ilikuwa kweli.

Lakini wakamwita kwanza Sikudhani.

Aliingia akiegemea ukuta. Mama yake alibaki mlangoni. Waziri akamuuliza ni nani aliyemfundisha mwendo ule.

"Hakuna, Mheshimiwa," Sikudhani alisema. "Nilizaliwa hivi."

Wajumbe wakatazamana.

"Nilizaliwa na mguu mbaya, nikawaficha. Wenzangu waliniiga wakidhani ndiyo baleti. Mwalimu alikuwa ananikataza. Kila siku alinikataza, ulizeni."

Kisha Adelina aliona furaha ikienea katika uso wa Waziri kama mafuta kwenye maji. Hili lilikuwa zuri kuliko lolote aliloweza kulitunga. Halikuwa na mhaini, halikuwa na mwongozo, halikuwa na Tume. Lilikuwa na mtoto kilema aliyelidanganya taifa.

"Mwalimu Kasembo," Waziri aliuliza, "ndivyo?"

Sikudhani alikuwa anamtazama mwalimu wake, macho makavu, kama alivyokuwa akimtazama zamani akisubiri kurekebishwa. Adelina alifungua kinywa. Aliwaona wale watoto wadogo wamekaa chini ya bomba, akafikiria ni nani angewafundisha yeye akiondolewa. Baadaye alijiuliza sana kama kweli aliwafikiria wao, au alijifikiria yeye kisha akawatafuta wao.

"Ndivyo," alisema.

*

Sikudhani na mama yake walitolewa Mtaa wa Wasanii, wakarudi kwenye chumba kile kile, kilikuwa hakijapata mpangaji kwa sababu ya mashine. Adelina alisifiwa kwa uangalifu wake, akapandishwa cheo. Tume ilikaa vikao vichache ikatoa mtindo mpya wa Kindivyo, ulio halisi zaidi, kwa heshima ya goti la chuma. Mwongozo ulisema mchezaji asikunje goti lolote wakati wowote.

Kila mwanafunzi wa baleti, popote duniani, somo lake la kwanza ni kukunja magoti. Bila kuyakunja huwezi kupanda, na ukipanda huna namna ya kutua. Adelina aliwaeleza wajumbe hivyo, akachora kwa chaki. Wakasema mchoro ni mzuri.

Alikwenda kumwona Sikudhani. Alimkuta kwenye cherehani ya mama yake, anakanyaga kwa mguu wa kushoto, wa kulia ameunyoosha pembeni kadiri ulivyokubali. Alikuwa anatia pindo sketi za shule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Adelina alikaa. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ya kuomba radhi na ya kueleza, lakini mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na yeye hakutaka kuyapiga kelele maneno ya namna ile. Akangoja itulie. Haikutulia. Mwisho akasogeza kiti karibu, akamwambia habari za mwongozo mpya, na kwamba anafikiria kuacha kazi.

Sikudhani alisimamisha cherehani. "Ukiacha, wataleta nani?"

"Mpwa wa Waziri. Amesomea uhasibu."

Sikudhani akafikiri. Akalainisha pindo kwa kidole gumba.

"Basi ufundishe wewe," alisema. "Na uufundishe vizuri, mwalimu. Mtindo ukifundishwa vibaya watoto wataumia bure."

Akarudi kwenye kazi yake. Adelina alimtazama mguu ule wa kushoto unavyokanyaga, kwa mpigo sawa, bila haraka, mgongo umenyooka kabisa.

Jumatatu iliyofuata aliwapanga watoto wapya kando ya bomba. Walikuwa wadogo sana, wameletwa na serikali kutoka mikoani, wengine bado wana vumbi la safari. Wajumbe wawili walikaa vitini wakiyatazama magoti. Adelina alikuwa ametafuta kwa siku kadhaa kama iko namna ya mwili kuondoka sakafuni na kurudi ikiwa miguu imekakamaa kama mipini, na alikuwa amepata moja, ngumu, iliyotumia nyayo na tumbo na mgongo mzima. Haikuwa mbaya kuitazama. Akawaonyesha, kisha akamchagua msichana wa mbele, aliyekuwa na shingo ndefu na aliyetazama bila kupepesa, akamwambia ajaribu.

Msichana akaruka. Akatua kwa miguu iliyonyooka, mshindo ukampanda mpaka kwenye meno, akadondoka chali. Hakulia. Alimtazama mwalimu kuona amekosea wapi.

Adelina akamwinua, akamfuta vumbi mgongoni, akamrekebisha bega.

"Tena," alisema.